Chango la Upande wa Baba

Mdomo wangu unajulikana Chang'ombe nzima. Mteja akilalamika gauni limembana kiuno, mie Zuena namwambia apunguze chapati, mkasi wangu haukosei. Ila kuna jambo moja nililikalia kimya miezi minne.

Lilianzia msibani kwa Shangazi Sikudhani, dada wa mwisho wa baba. Tumbo lilimvimba wiki chache tu, akaenda zake. Nyumbani ugonjwa huo tulikuwaga na jina lake: chango. Bibi, mama mzaa baba, chango. Shangazi Tatu, chango. Mtu akishasema chango, maswali yanaisha, watu wanasubiri hitima.

Sasa sie Wazaramo watani wetu ni Wanyamwezi, na msiba bila mtani haunogi. Wetu ni Mama Noela, nesi mstaafu, jirani ya baba pale Tandika. Siku ya tatu, watu tumekaa mkekani, akatokea amejifunga mto tumboni kwa kanga, anajikokota na kuguna vilevile alivyokuwa akiguna marehemu. Watu wakaangua kicheko.

"Wazaramo nyie wachoyo!" akapaza sauti. "Mali hamrithishani, mnarithishana matumbo! Bibi yenu tumbo, Tatu tumbo, huyu naye tumbo. Haya, zamu ya nani?" Akaninyooshea kidole. "Wewe mwenye mdomo, lako lini?"

Damu ilinichemka. Lakini mtani hakasirikiwi. Ukinuna unatozwa faini, na aibu unabaki nayo mwenyewe. Nikatoa meno, moyoni namtukana.

Baadaye akanivuta uani, mto bado anao, ila sauti imebadilika. "Mwanangu, utani nimeuacha kule. Wanawake watatu wa damu moja, hilo si chango. Mie nimeuguza wengi, ile ni saratani ya ovari. Nenda ukapime."

"Upande wa mama wote wazima," nikamjibu kwa jeuri. "Hao waliokufa ni wa upande wa baba. Baba ana ovari wapi?"

Alicheka mpaka mto ukadondoka. "Kwani mzigo lazima umuumize anayeubeba? Baba yako kapewa na mama yake. Yeye anaweza asiumwe kabisa, na wanawe akawagawia."

Hapo ndipo tulipokosea ukoo mzima. Ugonjwa wa kike tulikuwa tunautafutaga kwa mama tu.

Nilikwenda hospitali kwa hasira, nimuumbue mtani. Nikatolewa damu, majibu yakachukua wiki nyingi. Yakarudi na jeni moja imeharibika, ile ya kulinda mwili na saratani. Daktari Kokushubila, mpole huyo mpaka unamwonea huruma, akanieleza kwamba kwa miaka yangu arobaini na mbili na watoto watatu, kheri mirija ya uzazi na ovari vitolewe mapema. Nililia barazani kwangu bila kujali majirani. Mume wangu Suleiman ni mchomelea mageti, maneno hana. Siku hiyo akasema, "Mie nilioa Zuena, sikuoa ovari." Nikacheka na makamasi yangu.

Wakanipasua. Wiki tatu baadaye daktari akanionyesha picha ya kilichoonekana kwenye hadubini. Kwingine kote safi. Ila kwenye ncha ya mrija wa kulia, pale penye nyuzinyuzi kama matamvua ya mtandio, palikuwa na seli chache zilizobadilika. Wenzao wamepanga mstari, zenyewe zimevimba, zimeiva weusi, zinapandiana. Breki ya kuzizuia zisizaliane ovyo ilikuwa imekatika.

"Watu wanailaumu ovari," akasema, "kumbe mara nyingi mambo huanzia hapa kwenye mrija, miaka kadhaa kabla tumbo halijavimba. Seli nyingine huishia hapohapo. Hizi zako zilikuwa zimeshaanza safari, ila hazijafika popote. Tutaendelea kukufuatilia."

"Na kipimo gani kingeziona bila kunipasua?"

"Kwa sasa hakuna, dada yangu."

Ya Rabi! Kitu kidogo kuliko punje ya chumvi, na kingenilaza pembeni ya shangazi zangu. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na mtani wangu yule mshenzi.

Nikampigia kaka yangu Ismail, anayekaa Mbweni na mabinti wawili wakubwa. "Sista, hiyo ishu ya kike mie inanihusu nini?" akasema. "Tena usithubutu kumwambia mzee. Utamuua. Utakuwa umemwambia kwamba kakupa kifo kwa mkono wake."

Likaniingia. Baba yangu, Mzee Mwishehe, ana miaka sabini na sita na amebaki peke yake kwao. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipita kuniona, kaniletea ndizi mzuzu. Akiuliza nimepasuliwa nini, nasema uvimbe wa kawaida tu, baba. Akiondoka najichukia. Kuwasema watu naweza, kumwambia baba yangu ukweli nashindwa.

Ijumaa iliyopita alikuja na habari. "Munira wa Ismail tumbo linamjaa, chakula hakipiti. Nimemwambia baba yake ni chango tu, nitamtafutia mizizi achemshe."

 Huenda ni gesi tu, huenda si kitu. Lakini nilishindwa kulisikia neno lile kinywani mwake tena.

"Baba, si chango," nikasema. "Halikuwa chango hata mara moja." Nikamweleza yote, Bibi, shangazi, mirija yangu, seli zile. Nilipofika penyewe, nikajitia kupanga ndizi zake.

Akanitazama. "Kwako limefikaje?"

"Baba..."

"Nimekuuliza, Zuena."

"Kutoka kwako, baba. Bila wewe kujua."

 Kisha akatoa simu. "Ismail, kesho mpeleke Munira hospitali, na mdogo wake, na wewe mwenyewe ukapime." Sikusikia Ismail alijibu nini. Baba akamkatisha. "Mama nimemzika, dada zangu nimewazika, wote nikasema ni chango. Aliyewapa nyie ni mie. Mwenye aibu ailete kwangu, lakini watoto waende."

Akakata simu, akanigeukia.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Miezi minne, baba. Niliogopa litakuumiza."

Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta. "Miezi minne mgonjwa wewe," akasema, "na unayemuuguza ni mie."