Sampuli ya Tano

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Ulimi, naye aliitika kwa fahari kama mtu aliyepewa cheo. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kunywa chai na kuitema. Kila asubuhi alisimama mbele ya meza ndefu ya vigae vyeupe, vibakuli vimepangwa mstari mmoja, akachota kijiko, akakifyonza kwa kelele ambayo mezani kwa watu ingemletea aibu, akaizungusha chai mdomoni, akaitema kwenye ndoo, kisha akatoa hukumu. Iliki imezidi. Mdalasini ni wa mwaka jana. Karafuu hizi zimelazwa karibu na sabuni. Hilo la sabuni walilibisha. Wakaenda stoo, wakalikuta gunia la karafuu limeegemea katoni za sabuni, na tangu siku hiyo hakuna aliyembishia tena juu ya jambo lolote, hata mpira.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kwa kuwa walijaliwa watoto wawili kwa mpigo, watu wote walimwita Mama Pacha. "Mimi nimeolewa na pua," alikuwa akiwaambia wateja wake huku akiwapima mabega. "Mwenyewe kaifuata tu."

Basi mwaka huo Ulimi akapata mafua, mafua ya kawaida tu, ya kupiga chafya na kulalamika. Siku tatu yakamtesa, ya nne yakaondoka. Lakini hayakuondoka mikono mitupu. Jumatatu asubuhi Ulimi aliingia jikoni, akaona moshi umetanda, mkewe anapepea kwa upande wa kanga, na yeye hasikii kitu.

"Hivi vitunguu unavikaanga au unavichemsha?" akauliza.

"Vimeungua, Baba Pacha! Nyumba nzima inalia. Wewe huoni?"

"Kuona naona. Harufu ndiyo siisikii."

Akaanza kuzunguka nyumba kama mtu aliyepoteza funguo. Akanusa sabuni. Akanusa dawa ya kuchua misuli. Akafungua chupa ya mafuta ya taa, akavuta pumzi mpaka mkewe akamnyang'anya. Mwisho akainua viatu vya mpira vya wanawe, ambavyo kwa kawaida vilikaa nje kwa ajili ya usalama wa familia, akaviweka usoni. Kimya.

Mama Pacha akamhurumia. "Mwambie meneja. Utapewa mapumziko, utapona, utarudi."

"Kinyozi akisema mikono inamtetemeka, nani atampelekea kichwa chake tena?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Maradhi gani, mke wangu? Pua tu hii."

Ingekuwa wiki nyingine, pengine angejikunyata, akasingizia kichwa, mambo yakapita. Lakini Alhamisi ya wiki ile ndiyo ilikuwa siku ya kuchagua chai mpya ya viungo. Meneja, mtu wa suti na haraka, alitaka kitu cha kutoa sokoni kabla ya mwezi kuisha. Sampuli saba zilikuwa zinaandaliwa. Majani yalikuwa yale yale kwa zote. Kilichotofautiana ni vipimo vya tangawizi, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Moja iongozwe na tangawizi, nyingine mdalasini utangulie, ya tano iliki itawale, na kadhalika. Kati ya hizo saba ipatikane moja. Zamani Ulimi angeimaliza kazi hiyo kabla ya saa nne na kubaki na muda wa kusoma gazeti.

Aliyekuwa akipima viungo ni mama mmoja mtu mzima waliyemwita Mizani, kwa sababu kijiko mkononi mwake kilikuwa hakikosei. Yeye pia ndiye muonjaji wa pili. Alikuwa amesimama kando ya Ulimi miaka kumi na mitano, na katika miaka yote hiyo hawakuwahi kutofautiana hata mara moja. Ulimi aliamini amemfundisha vizuri.

Hapo ndipo alipopata wazo lake. Kama yeye hana pua, Mizani anayo. Atamwacha atangulie, atausoma uso wake, kisha atasema alichokisoma. Alhamisi akaingia chumba cha kuonjea amevaa koti lake jeupe lililopigwa pasi, na hofu yake akaipiga pasi pia.

Meneja alikuwa ameshakaa, kalamu mkononi.

"Leo, dada, anza wewe," Ulimi akasema. "Umeshakomaa."

Mizani akashtuka kama aliyeambiwa apande jukwaani kuimba. "Mimi? Hapana, mwalimu. Mkubwa hatanguliwi."

"Mkubwa akitoa ruhusa anatanguliwa."

"Na mdogo akiwa na adabu anaikataa."

"Jamani, chai inapoa," akasema meneja.

Ikabidi wachote kwa pamoja. Sampuli ya kwanza: wakafyonza, wakazungusha, wakatema. "Mmh," akasema Ulimi. "Mmh," akasema Mizani. Kila mmoja akaingoja ile mmh ya mwenzake ikue iwe neno, nayo haikukua. Kwa Ulimi yalikuwa maji ya moto yenye uchungu kidogo. Ya pili, maji ya moto. Ya tatu, maji ya moto. Alipoinua macho alikutana na macho ya Mizani yanamchungulia juu ya kijiko, akayakwepa upesi. Alidhani ni heshima. Ya nne, maji ya moto, na sasa jasho likawa linamteremka mgongoni, kwa sababu uso wa mama yule ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa.

Kwenye sampuli ya tano kitu kikamgonga. Kilianzia kooni, kikapanda masikioni, kikamtoa machozi. Haikuwa harufu. Ulikuwa moto. Lakini kwa mtu aliyeishi siku nne kama aliyefungiwa ndani ya godoro, moto ulikuwa habari njema. Kumbe bado yumo duniani! Furaha ikamjaa, nyusi zote mbili zikapanda zenyewe, meno yakaonekana.

"Hii, mwalimu!" Mizani akapaza sauti.

"Ndiyo hii!" akaitikia Ulimi, akimshukuru moyoni.

Sampuli ya sita na ya saba walizionja kutimiza wajibu tu. Meneja akavuta kibakuli cha tano, akanywa funda zima, akakohoa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Ina... nguvu," alisema alipopata sauti. "Mna hakika?"

Ulimi alikuwa ameshushiwa mzigo, na mtu aliyeshushiwa mzigo huwa msemaji. "Bosi, hizo nyingine zote zinabisha hodi. Zinasubiri mlangoni ziambiwe karibu. Hii haibishi hodi. Hii inaingia, inavuta kiti, inakuuliza habari za nyumbani."

Meneja akaandika neno kwa neno. Wiki mbili baadaye pakiti zikatoka zimeandikwa kwa herufi nyekundu: Haibishi Hodi.

Pua ilirudi Jumapili moja, mwezi na zaidi umepita, bila taarifa. Ulimi alikuwa amejilaza sebuleni, mkewe anapiga pasi gauni la mteja na kuzungumza na jirani kwenye simu. Ghafla Ulimi akainuka. "Nguo inaungua!" akapiga kelele, na badala ya kukimbilia pasi akamkimbilia mkewe, akamkumbatia, akamzungusha. "Nguo inaungua, Mama Pacha! Naisikia! Inaungua kabisa!" Gauni likatoboka kiunoni tundu la ukubwa wa sahani wakiwa bado wanazunguka. Mwenye gauni hakuiona sababu ya kufurahi, na alilieleza hilo kwa kirefu.

Kesho yake Ulimi aliwahi kazini kuliko walinzi. Akachemsha birika la Haibishi Hodi, akachota, akafyonza, akasimama wima. Iliki ilisikika kwa mbali tu. Mahali pake, kwenye kiti chake kabisa, pilipili manga ilikuwa imekaa imekunja nne. Hakuhitaji kuambiwa, vipimo viwili vilikuwa vimebadilishana nafasi. Na mwishoni mwa karatasi ya kuipitisha chai hiyo kulikuwa na sahihi moja kubwa, yake.

Akapiga moyo konde, akaenda kwa meneja.

"Bosi, ile chai ina kosa. Siku ile tulipoonja, mimi sikuwa na pua. Mafua yalikuwa yameichukua. Nilipitisha kitu nisichokijua."

Meneja akamtazama, kisha akacheka mpaka akalegeza tai. "Unajua kwa nini nakuheshimu? Unyenyekevu. Mtu mwingine hapa angekuwa anadai ofisi." Akamgeuzia simu yake. "Soma. Huyu mlinzi wa benki anasema tangu aanze kuinywa hajasinzia lindoni. Huyu mwalimu anataka pakiti kumi za walimu wenzake. Na huyu hapa alikuwa na mafua wiki mbili, imemzibua pua kwa kikombe kimoja."

Ulimi alimsoma huyo wa mwisho mara mbili. Hakuna aliyemuuma kama huyo.

"Nipe nafasi niirekebishe," akasema.

"Tengeneza utakavyo. Lakini tuwaonjeshe watu, na wasijue ipi ni ipi."

Siku tatu Ulimi hakufanya kazi nyingine. Akachagua iliki punje kwa punje, kijani, zisizopasuka. Akauvunja mdalasini kwa mkono. Karafuu akaitia kwa woga, kama mtu anayemtaja marehemu. Pilipili manga akaipa ruhusa ya kupita tu, isikae. Ijumaa akawa na chai ambayo yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, hakuiona dosari.

Wakaitwa watu kumi na wawili: wafungaji pakiti, madereva, mlinzi wa getini. Mabirika mawili, moja limefungwa uzi mwekundu, jingine wa bluu. Ulimi alisimama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, ili uso wake usimshawishi mtu.

Kumi na mmoja wakachagua Haibishi Hodi.

"Hii ya bluu si mbaya," alimsikia dereva mmoja akisema kuhusu kazi ya siku zake tatu. "Ina harufu ya chumba cha wageni."

"Ni nzuri kwa mgonjwa," mfungaji pakiti mmoja akaongeza kwa huruma.

Huyo wa kumi na mbili, mlinzi, aliichagua ya bluu. Meneja akamuuliza sababu. Akasema daktari amemkataza pilipili.

Watu walipotawanyika, Ulimi akaingia chumba cha kuonjea, akakaa juu ya kiti ambacho kwa kawaida aliwekea koti. Mizani alikuwa anaosha vibakuli.

"Dada, nikwambie kitu," Ulimi akasema. "Siku ile ya sampuli saba pua yangu ilikuwa imekufa. Nilikuwa nakutazama wewe usoni."

Mizani akafunga bomba taratibu. "Ulikuwa unanitazama mimi?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nakutazama wewe, mwalimu."

"Siku ile?"

"Siku ile. Na miaka kumi na mitano kabla yake." Akaifuta mikono kwenye aproni, hakupata pa kuiweka. "Ukikunja paji, iliki imezidi. Ukifumba jicho la kushoto, mdalasini ni wa zamani. Nyusi zote mbili zikipanda, tunapeleka sokoni. Mimi chai naijua kuwa ni chai. Na ile ya tano niliikosea mimi. Nilichanganya vipimo, nikagundua nimeshafunga kazi. Nikasema, mwalimu ataikamata tu. Ukacheka. Nikasema, basi, Mungu kanisitiri."

Ulimi alitaka kukasirika, lakini hasira ilikosa pa kushika. Miaka kumi na mitano kila alipohukumu aliugeukia uso huu, ukamwitikia, naye akalala vizuri akijua wameonja wawili. Kumbe alikuwa akikubaliana na yeye mwenyewe, kwa vinywa viwili.

Akanyanyuka, akamimina vibakuli viwili kutoka mabirika yale yale. "Geukia ukutani."

"Mwalimu..."

"Geuka. Usinitazame. Onja, useme unachokipata wewe."

Mizani akageuka, mabega yamepanda kama ya mtoto anayesubiri sindano. Akaonja cha kwanza. Akaizungusha mdomoni, akatema, akaonja tena.

"Kuna kitu kama ganda la ndimu," akasema mwisho. "Halafu kitu kitamu, kinakuja kwa nyuma."

"Iliki," Ulimi akasema. "Na huo wa nyuma ni mdalasini."

"Basi. Ni nzuri. Nzuri kwa mtu aliyekaa." Akaonja cha pili, akashusha pumzi kwa nguvu. "Mwalimu, mimi naamka saa kumi na moja alfajiri. Nina watu sita wa kuwatoa nyumbani kabla ya kutoka mwenyewe. Hiyo ya kwanza itaniambia rudi ulale. Hii inanishika shingo, inaniambia twende."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hii."

"Hiyo ni kosa, dada! Hiyo ni pilipili imevaa nguo za chai!"

"Najua ni kosa, si nililifanya mimi? Lakini umeniambia niseme ninachokipata."

"Huna unachokipata, ulimi wako umeungua!"

"Na wako unabembelezwa!"

Ilimuuma Ulimi, kweli ilimuuma, lakini akajikuta anavuta kiti na kusogea karibu. Akamwambia aonje tena cha kwanza, ashikilie mdomoni, ahesabu mpaka tano. Mizani akahesabu mpaka tano, akasema bado. Akamwambia basi tupunguze mdalasini. Mizani akasema tatizo si mdalasini, tatizo ni woga. Sauti zikapanda mpaka wafungaji pakiti wakaacha mashine, wakasogea mlangoni kusikiliza, na meneja akawapenya, tai mkononi.

"Kuna nini humu?"

"Tunaonja," akajibu Mizani, bado ameutazama ukuta.