Nyongeza ya Respicius

Mume wangu Respicius ana bunduki kuukuu ya kuwindia, na risasi zake zilikuwa zikitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Akaanza kuzijaza baruti mwenyewe, kwenye gereji yetu hapa Woodbridge, Marekani. Wapi! Zikatawanyika vilevile.

Jumamosi nikaenda kumtazama. Alipima baruti kwenye mizani vizuri kabisa, kisha akaongeza chembe kadhaa juu.

"Hiyo ya nini?"

"Nyongeza."

Yule muuza maharage aliyekuwa zamani soko la Bukoba, akimwongezea kila mteja kiganja, hajafa ndani yake!

"Baba Edna, kulungu ndiye mteja wako? Itakulipukia! Mwaga, upime upya, zote sawa!"

Akanuna, lakini akapima.

Leo kaniletea karatasi ya shabaha. Matundu matano yanafunikwa na kisoda kimoja cha chupa. La sita liko pembeni peke yake.

"Na hili?" nikauliza.

Akacheka. "Hilo nyongeza yako, mke wangu."