Vumbi la Mkangazi

Saa ya chakula ilipofika, fundi wa msasa alikung'uta suruali, akanawa mikono hadi viwikoni, akapokea sahani ya wali na maharage kutoka kwa mkewe, mpishi wa karakana ya samani. Alikula vijiko viwili akashiba. Asubuhi nzima alikuwa amemeza vumbi la mbao, na siku hizi lilimkaa tumboni kama chakula kingine chochote.

Mkewe alikuwa amechoka kuona sahani ikirudi imejaa.

"Nani anakupikia?" aliuliza.

"Hakuna. Nashiba vumbi."

"La mbao gani?"

"Mkangazi. Msonobari unanipa kiungulia."

Moyo wa mke ulitulia. Alikuwa amejiandaa kugombana na mwanamke, siyo na kabati.

Siku yake ya kliniki ilipofika, maana alikuwa mjamzito, alimburuta na mumewe. Daktari alimbonyeza mume tumbo, akaridhika.

"Mbawakawa wanaotoboa mbao walianza hivi hivi," alisema. "Zamani sana walichukua jeni za bakteria, za kumeng'enya miti. Hawakuzirudisha. Wakawarithisha watoto wao, na watoto wakapata misitu mizima ya kula. Wewe umechelewa kidogo tu."

"Na mtoto wetu?" mke aliuliza.

"Ficheni viti."

Njiani mke alishika mkono wa mumewe. "Sasa nisikilize, mwenzangu. Bosi akiwepo, unamaliza sahani. Akijua tu, sufuria yangu imekwisha."

Hakuwa na kazi nyingine, na hii aliipenda kweli. Mafundi walimwita Mama Ukoko, kwa jinsi walivyogombania ukoko wake. Basi mume akala wali juu ya vumbi, siku baada ya siku, akanenepa mpaka kamba za aproni yake ya kazi zikakataa kufika mgongoni.

Kisha ukaja mzigo wa mbao, eti mkangazi, ambao bosi aliutilia shaka. Akamwita fundi wa msasa. Fundi, ambaye kwenye mbao hakukubali kushindwa na mtu, alibandua kibanzi, akakitafuna macho yamefumbwa, akakimeza.

"Msonobari," alisema. "Umepakwa rangi."

Bosi hakuitazama mbao. "Umemeza?"

"Kidogo."

Jumatatu sufuria iliuzwa. Bosi aliwatangazia mafundi kwamba chakula cha mchana kiko sakafuni, wajihudumie wala wasisukumane. Walioumwa tumbo aliwaambia wanadeka. Baada ya muda wengi waliweza, na mtengeneza vitanda hata akanawiri. Mama Ukoko alihamishiwa meza ya msasa, pamoja na mimba yake. Mumewe alifanya kazi akiwa amempa mgongo. Aliona aibu, na ilimstahili.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye afya, akaota meno mapema. Alitafuna stuli, akaacha mto wake. Bosi alikuja kuwapongeza, amebeba mabaki ya mkangazi yaliyofungwa kwa utepe.

"Huyu hana haja ya kunyonya," alisema, akimtekenya kidevu. "Kesho uje kazini, mama."

Walimkaribisha chai. Akanywa, akasifu, akaondoka.

Jioni hiyo Mama Ukoko alimkorogea binti yake uji. Aliukoroga taratibu mpaka ukawa laini, bila hata donge moja, jinsi alivyokuwa akiwapikia wanaume wazima wakatulia kama watoto. Mtoto alifumba mdomo, akageuza uso, kisha akaunyakua mwiko. Aliutafuna kuanzia ubapa hadi mpini, akacheua, akacheka.

Mama alimfuta mdomo. Halafu akalia, kwa kuwa mwiko ulikuwa mzuri na alikuwa ameuzoea mkononi. Alipomaliza kulia, aliunywa uji wote mwenyewe, asije akaingia kazini na njaa. Yeye vumbi halikuwahi kumshibisha.