Mbabula ya Mgeni

Clotilde Kyabu hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Aliomba mara moja, akaeleza sababu, kisha akanyamaza na kukukazia macho mpaka wewe mwenyewe uone aibu kukataa. Ndivyo alivyoipata jenereta ya karakana, na wenye maneno yao husema hata mume alimpata hivyohivyo. Ndivyo pia alivyotegemea kuipata fedha ya serikali kwa ajili ya darasa lake la kuchomelea vyuma.

Darasa lenyewe lilikuwa katika chuo kidogo cha ufundi, nyuma ya stesheni ya Kamina. Wafadhili wa zamani walikuwa wamekwenda zao. Sasa jimbo lilikuwa limetenga fungu la kuwafundisha vijana kazi, na mjumbe wa wizara, Papa Mwanza, alikuwa akizunguka chuo kwa chuo kuamua nani apewe. Neno lake ndilo lingekuwa la mwisho. Akikubali, darasa linaendelea. Akikataa, linafungwa, na wanafunzi wanarudi kwao na ufundi nusunusu, ambao kwenye vyuma ni hatari tupu.

Clotilde hakuogopa. Alikuwa mtoto wa reli, amekua akisikia nyundo tangu asubuhi, na alijua wanafunzi wake wanaweza nini. Wasiwasi alimwachia mkurugenzi, Papa Hénoch Monga, aliyekuwa nao wa kuwatosha watu wote.

Tumpe haki yake Papa Hénoch, alikuwa mtu mwema. Ila alilelewa akiamini kwamba mgeni mkubwa hapokelewi hivihivi. Basi akanunulia chuo kizima kitenge cha aina moja, chenye ndege wa manjano, kila mtu akashona. Salopeti, zile ovaroli za kazi zilizokuwa nyeusi kwa grisi, akaagiza zifuliwe zote kwa pamoja. Kisha akatangaza kwamba karakana itafungwa mpaka mgeni afike, kwa kuwa yeye mwenyewe ataipaka rangi.

"Papa Directeur," Clotilde alimwambia, "mugeni anakuya kuona kazi. Acha batoto babakie na salopette yao, batumike."

"Weye Mama Clotilde unataka muntu wa Leta, wa serikali, akute batu bachafu? Hapana. Utaona vile atelier itang'aa."

Clotilde akanyamaza, akamkazia macho. Papa Hénoch akaangalia ndoo ya rangi. Kwa mara ya kwanza dawa ile ilikataa kufanya kazi.

Mgeni aliingia kutoka Kabondo-Dianda, jeep imejaa tope, kiuno kimekufa kwa mashimo ya njiani. Aliimbiwa. Akaimbiwa tena. Papa Hénoch akasoma hotuba ndefu juu ya ukarimu wa watu wa Kamina, na mgeni, mtu mnene mwenye subira fupi, akawa anatazama saa yake bila kujificha. Hatimaye wakamfungulia karakana.

Kuta nyeupe pe! Meza za chuma zote kijani, zinameremeta. Sakafuni ungeweza kula.

"Iko muzuri," Papa Mwanza akasema polepole. "Inaonekana sawa vile hakuna muntu anatumikaka kazi humu."

Clotilde alichomwa na maneno yale, na kilichomchoma zaidi ni kwamba mgeni alisema kweli. Wanafunzi wamejipanga ukutani na ndege wao wa manjano, mikono safi. Nani angewaamini?

"Bon," mgeni akasema. "Minyi ninaendelea Kabongo mbele mvua ianguke."

"Bila kula?" Papa Hénoch akaruka. "Haiwezekane! Bukari iko karibu, na samaki ya Kinkondja!"

Hapohapo uani pakasikika kishindo, na baada ya kishindo, sauti ya Mama Élisa mpishi, ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Mbabula kubwa, lile jiko la makaa la kupikia wageni, lilikuwa limevunjika mguu. Samaki walikuwa wamekwisha kuteremshwa, Mungu saidia, lakini sufuria la maji ya bukari, yaani ugali, lilikuwa chini, na maji yote yamekwenda.

Papa Hénoch alishika kichwa. Clotilde nusura acheke kwa furaha.

"Mumwange makala, muilete huku," akasema. "Papa Mwanza, tunakuomba kidogo tu. Plamedi! Kuya ushike kazi."

Plamedi alikuwa binti wa wakulima wa pembeni mwa mji, mwembamba, mwenye haya mpaka ashike chuma. Salopeti zilikuwa kambani zinachuruzika maji, basi Clotilde akamvalisha aproni yake mwenyewe ya ngozi juu ya kitenge, akampa glavu na kinyago. Mbabula ikawekwa mezani. Jenereta ikanguruma. Plamedi akabana kwenye meza kile kibanio cha waya kinachokamilisha njia ya umeme, akashusha kinyago, akagusisha fimbo ya kuchomelea kwenye chuma.

Hakuna kitu.

Akagusisha tena. Hata cheche moja.

"Machine imekufa?" mgeni akauliza, na mkono wake tayari uko kwenye mfuko wa funguo.

"Mama Clotilde, muonyeshe basi!" Papa Hénoch akanong'ona, jasho linamtoka.

Clotilde alikuwa ameshaelewa kosa liko wapi. Akakunja mikono kifuani.

"Hapana. Minyi niko na diplôme yangu. Huyu njo anatafuta yake."

Plamedi akavua kinyago. Akafuata waya kwa vidole tangu mwanzo. Akakagua fimbo. Kisha akainama, akakwaruza meza kwa ukucha, na ukucha ukatoka kijani. Akamgeukia mkurugenzi, na huruma imemjaa usoni.

"Papa Directeur, unisamehe. Ni rangi. Courant ya umeme haipite mu rangi. Inafaa tuitoshe, tuikwangue."

Papa Hénoch angeweza kubisha, maana cheo kinaruhusu. Badala yake akachukua brashi ya waya, akakunja mikono ya shati, akaanza kuikwangua kazi yake mwenyewe, vumbi la kijani likimwangukia kifuani. Meza ilipobaki chuma kitupu, na mguu wa mbabula ukawa unateleza, akaushikilia kwa koleo, uso kaugeuzia mlangoni.

"Piga, mwana," akasema.

Cheche zikaruka. Plamedi akamaliza, akayagonga kwa nyundo magamba yaliyofunika mchomeo, akampa mwalimu wake. Clotilde akaigeuza mbabula kwenye mwanga.

"Upande huu umeharakisha. Rudia."

Plamedi akarudia, bila kununa. Papa Mwanza alikuwa amesogea karibu, saa ameisahau. Mbabula ilipopoa akaishusha sakafuni, akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, na uzito wake wote, akajitikisa. Mbabula ikatulia.

"Bon, Papa, shuka," Mama Élisa akasema mlangoni. "Batu beko na njala."

Alishuka, akala, akaomba bukari nyingine. Katikati ya kula akamgeukia Clotilde, mdomo umejaa.

"Zile meza zingine, mutoshe rangi yote mbele ya mwezi wa septembre. Batoto bapya batatumikia wapi?"

Clotilde akalirudisha tonge sahanini. Machozi yalimtoka mbele ya watu na hakuyafuta.

Jumapili Papa Hénoch alikwenda kanisani na shati lake la ndege wa manjano. Kifuani palikuwa na tundu lililochomwa na cheche. Mkewe alikuwa ameshaandaa sindano na uzi.

"Ushone nini?" Papa Hénoch akamwambia, akilifunika tundu kwa kiganja. "Hapa njo nilishika muguu wa mbabula."