Jarida la Swaumu

Rafiki yangu Swaumu anachapisha jarida la sanaa huko Japani. Alitaka kunitumia bure, nikakataa. Nilijiandikisha kama wasomaji wengine, maana sasa najua kusoma. Nimejifunza ukubwani, darasa la jioni. Aliniahidi kwamba toleo hili litaanza na mchoro wa kwetu Itigi.

Lilipofika nililifungua mbele ya mama. Nikakuta matangazo matupu, nikanyong'onyea.

"Ametusahau, mama."

"Umeanzia mkiani, wewe!" Mama akacheka. "Lifungue kama msahafu, kutoka kulia."

Nikaligeuza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mzinga wa gogo juu ya mti, na chini yake, katikati ya maandishi ya Kijapani, neno moja la herufi zetu. Nikalisoma kwa sauti: "Itigi."

"Hebu rudia," mama akasema.

Nikarudia, kisha sote tukasema alhamdulillahi.