Ruhusa ya Kwenda Arua

Kaka yangu Nasur tulimzika Jumatano hapa Koboko, na wiki ya pili haijaisha mjane wake alikuwa tayari anazungumza habari za VAT. Nasema hivi mapema ili mjue kwamba sikumpenda. Sitaki mtu asome mpaka katikati ndipo ashtuke.

Zuhurah alikuwa mpishi. Si mpishi wa nyumbani kama sisi wengine. Alikuwa na biashara ya kulisha watu kwenye semina. Mashirika yanayohudumia wakimbizi yalimpa kazi, leo watu arobaini hapa Koboko, kesho themanini Arua. Alianza na sufuria mbili za kuazima, na moja ilikuwa yangu. Nasur alipofariki, uani mwake mlikuwa na majiko sita, hema, viti vya plastiki na wanawake wanne wa kumenya na kuosha. Mmoja wa hao wanne ni mimi. Siku moja huko Arua bwana mmoja wa semina aliuliza huyu mama ni nani, na Zuhurah akamjibu kwamba ni mfanyakazi wake. Hakusema wifi yangu. Hakusema dada ya mume wangu. Nilikuwa namenya vitunguu, kwa hiyo hakuna aliyejua machozi yale yalikuwa ya nini.

Sasa shirika moja kubwa lilikuwa limemwahidi kazi ya mwaka mzima, kwa sharti moja: biashara iwe imesajiliwa kwa kodi ya VAT, na cheti kifike kabla ya mwezi kwisha. Bila cheti, kazi ingekwenda kwa mtu wa pili kwenye orodha. Zuhurah hakuwa na karatasi hata moja. Biashara yake ilikuwa ni sufuria zake na jina lake midomoni mwa watu. Ilimbidi aende Arua mwenyewe na kitambulisho chake, aandikishe jina la biashara, apate namba ya mlipa kodi, kisha aombe hiyo VAT.

Lakini alikuwa ndani ya eda. Kwetu sisi, wajukuu wa askari wa Kisudani, eda si mchezo. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki kiwanjani kwake, hapaki hina, haonekani na wanaume wa nje. Majirani huhesabu siku hizo kuliko mjane mwenyewe.

Aliniita chumbani. "Dada, nenda uliza shehe," akaniambia. "Kama mimi naweza toka asubuhi na kurudi jioni. Hii kazi ikipotea, mimi nabaki na nini?"

Nikaenda. Shehe wetu ni mzee sana, alitusomesha sisi na mama zetu. Alinisikiliza amefumba macho, kisha akasema bila kusita kwamba mjane mwenye haja hutoka mchana, alimradi alale nyumbani kwake. "Mwambie aende," akasema. "Riziki yake iko huko." Akanipa tende za kula njiani.

Sikupanga kitu. Naapa, mpaka nafika mlangoni nilikuwa na jibu la shehe kinywani kama lilivyo. Nikamkuta Zuhurah amesimama, viatu viko tayari kando ya kitanda, kitambulisho mkononi. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Dunia ilikuwa imemzoesha kukubaliwa. Aliye juu mngoje chini, na mimi nilikuwa nimengoja miaka.

"Shehe anakataa," nikamwambia. "Anasema hata kwa mlango usisimame."

Akakaa kitandani polepole. Hakuniuliza mara ya pili, maana nani atamzulia shehe uongo? Nilisikia raha. Sitawaficha, nilisikia raha kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Mdogo wetu Muzamili ndiye aliyejitolea. Yeye huuza simu na betri, hushinda Vurra mpakani na madereva wa malori, na mdomo wake ni mwepesi. Akasema atakwenda Arua badala ya shemeji yake. Zuhurah akampa kitambulisho, barua za shirika, na picha za majiko, akamshukuru mpaka akalia. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na Muzamili alikuwa amekabidhiwa ngoma nzima. Alirudi siku ya tatu, akasema mambo yamekwenda sawa, imebaki watu wa serikali waje kuona jiko.

Wakaja watu wawili wa kodi. Zuhurah alikaa ndani nyuma ya pazia, sisi tukaendelea kumenya. Muzamili akawazungusha uani, akawaonyesha hema na viti, akawaambia, "Hii jiko yangu. Hawa watu yangu." Nyuma ya pazia nikasikia mtu anakohoa. Jioni Zuhurah aliniuliza kwa nini shemeji anasema jiko lake. Nikamwambia mwanamume akisimama mbele ya serikali lazima aseme hivyo, wakimwona anaombea mwanamke hawatampa kitu. Akaridhika, au alitaka kuridhika.

Cheti kikatoka, kazi ikaja. Kwa zaidi ya miezi mitatu Zuhurah alipika akiwa ndani ya eda, wali, nyama, mikate yetu myembamba ya kisra, maharage, sisi tukipakia na kupeleka. Alikonda. Kila akiuliza cheti kiko wapi, Muzamili alimjibu kwamba kimebaki ofisini kwa shirika, na malipo yatapangwa vizuri akitoka eda. Alikuwa akinionyesha kwa vidole siku zilizobaki. Alikuwa na furaha, masikini.

Siku ya kutoka eda alioga, akavaa, akapanda gari la Arua, na mimi nikiwa kando yake. Ofisini kwa shirika tulipokewa na Constantino, kijana anayeshughulika na watoa huduma. Alikuwa na adabu. Alitazama kompyuta yake kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba jina la biashara, namba ya kodi na usajili wa VAT vyote ni vya Muzamili. Wao hawawezi kumlipa wala kumsikiliza mtu mwingine. "Mama," akamuuliza, "wewe ni mpishi wake?"

Zuhurah akainuka, tukapanda gari la kurudi. Tulipofika Koboko alikwenda moja kwa moja kwa Muzamili.

Muzamili hakuona haya. Alisema sheria inataka mtu aliyefika, na aliyefika ni yeye. Asingeweka jina lake, kazi ingepotea na sasa wote wangekuwa wanakula upepo. Na kama shemeji ana kinyongo, akaulize aliyemzuia. "Aliyekufungia ni shehe," akasema. "Si mimi."

Basi Zuhurah akaenda kwa shehe. Hakwenda kugomba, alikwenda kuuliza tu kwa nini alimfungia. Na shehe akamwambia hakumfungia kamwe. Alimtuma Hawah, yaani mimi, amwambie aende.

Ijumaa baada ya sala wazee waliketi kwenye baraza la msikiti, na sisi tukaitwa. Mkubwa wao, mzee Lokule, alilipanga jambo kwa maneno machache. Kama shehe aliruhusu na ruhusa ikafichwa, basi mali ya mjane imechukuliwa kwa uongo, na Muzamili atakwenda Arua kesho yake kuirudisha kwa jina la mwenyewe. Kama shehe alikataa, basi Muzamili aliokoa kazi ya nyumba na itabaki ilipo. Muzamili aliapa mbele yao kwamba atafuata uamuzi. Jana yake alikuwa ameniambia kwamba mwezi ujao mimi ndiye nitakayesimamia jiko.

Shehe akanigeukia. "Binti yangu Hawah," akasema, "mimi nilikuambia nini?"

Nikamtazama. Tangu Ramadhani iliyopita yule mzee alikuwa ameanza kusahau. Adhuhuri moja alisimama kwa rakaa ya tano, ikabidi wamkumbushe mara tatu ndipo akae. Siku nyingine alimwita binti yake kwa jina la marehemu mkewe. Wote tulijua na wote tulinyamaza kwa heshima, lakini aliyejua kuliko wote ni yeye mwenyewe.

Nikamjibu kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma baba yake. "Baba shehe, wewe ulikataa. Labda umesahau."

Shehe aliinamisha kichwa. Akatazama mikono yake, akaigeuza huku na huku. Niliona anatafuta ile siku, anatafuta maneno yake mwenyewe, na niliona anapokata tamaa.

"Labda," akasema. "Siku hizi mimi nasahau sana." Machozi yakamshuka kwenye ndevu. Akamwinamia Zuhurah mbele ya wanaume wote. "Nisamehe, binti. Ni mimi nimekula kazi yako."

Zuhurah hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na nikajua kwamba anajua. Angeweza kusema. Lakini kusema kungekuwa kuwaacha wazee wapime pale barazani kama akili ya shehe bado nzima, na yeye amekaa anasikia. Akamshika mkono. "Baba, mimi nimesamehe," akasema. "Wewe hukukosa kitu."

Wiki ile ile alihamia Arua, na nasikia yuko mtaa wa Awindiri, anapika kwa mtu. Mimi ninasimamia majiko sita, na Muzamili hunilipa anapokumbuka.

Shehe hakusalisha tena. Alituma neno kwamba mtu asiyejua alichosema hafai kuulizwa dini ya watu. Siku nzima hukaa mbele ya nyumba yake, na hakuna njia nyingine ya kwenda sokoni. Kila nikipita huniita, ananiuliza tena siku ile alisema nini. Nami husimama, nikamwambia, "Ulikataa, baba," naye hunishukuru.