Seva Iliyopewa Jina la Baba Mkwe

Aliyeipa seva jina la baba mkwe wangu ni shemeji yangu Andongwisye, na mpaka leo nikimfikiria damu inanichemka. Miaka ile ya soko huria kila mtu alikuwa anafungua biashara. Yeye alichuma kwenye kokoa, akafungua kafe ya intaneti Kyela mjini, akaniweka mapokezi kwa sababu nilisomea kompyuta Mbeya. Fundi alikuwa Lusungu, mpole kabisa, mtu wa Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Aliziunganisha kompyuta zote, akazipa anwani za ndani, zile za 192.168 zisizotoka nje ya nyumba. Kisha akaweka huduma ya majina: ukiandika jina, mtandao wenyewe unatafuta namba.

Shemeji akataka seva, ile kompyuta kuu, iitwe Asajile, eti kumheshimu baba yake. Heshima gani hiyo, jamani? Kwetu Wanyakyusa mkamwana hatamki jina la baba mkwe, wala hakutani naye uso kwa uso. Hata kuliandika mkono wangu ulikataa. Nikawa natumia namba, maisha yakaenda.

Radi ikaunguza mitambo. Lusungu alipofunga mipya, namba zote zikabadilika, na akasema zitabadilika tena kabla hajamaliza. Nikamweleza shida yangu. Akacheka, akaongeza jina la pili linaloelekea seva ileile: tata, yaani baba. Ndaga, asante, nikamwambia, nikaendelea na kazi.

Andongwisye akaliona. Akadai Mmalawi anamdharau baba yake na ana siri na mimi, mke wa kaka yake. Hakusubiri kuelezwa. Alishika nondo ya kukomea mlango, akampiga Lusungu begani, halafu jichoni na mdomoni. Meno yakaruka juu ya kibodi. Nikamrukia mgongoni, nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu, akanibamiza ukutani. Wateja walishatimua mbio zamani. Lusungu yuko chini, kisogo kilichogonga sakafu kinavuja, nondo inapanda tena, nikajua hii sasa inamuua.

Kelele zilimleta baba mkwe mlangoni. Alikuwa kageuza uso pembeni kwa ajili yangu, anasubiri nijifiche ndipo aingie. Nilitakiwa nijifunike kanga, nijikunyate nyuma ya meza. Mwili wenyewe ulishaanza kuinama.

"Asajile," nikasema, nimemkazia macho. "Mzuie mwanao."

Nondo ikasimama hewani. Mzee alifumba macho kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kisha akaingia, akamnyang'anya mwanawe ile nondo.

Lusungu alipona, ila jicho la kushoto halioni tena. Mume wangu aliporudi nyumbani siku ile hakuuliza habari ya damu wala ya nondo. Aliuliza tu kama ni kweli nilitamka. Nikamwambia ndiyo, nilitamka. Jioni ileile nilikuwa kwa mama yangu, huko Ndandalo, na sanduku langu.